Mtihani Lini, Baba Nasra?

Mtaani kwetu mtu ana ruhusa ya kufanya karibu kila jambo hadharani bila kuhojiwa. Unaweza kukaa kibarazani tangu alasiri hadi adhana ya isha ukibishana juu ya Simba na Yanga, na hakuna atakayekuuliza una shida gani. Unaweza kusinzia kwenye kiti cha plastiki mdomo wazi. Unaweza kucheza drafti kwa vizibo vya soda mpaka mkeo atoke nje na kukuita kwa majina yako yote matatu. Hayo yote ni mapumziko halali ya mwanamume aliyechoka. Ila fungua kitabu. Fungua tu, hata ukurasa wa pili hujafika, uone mtaa mzima unavyopata shughuli na wewe.

Wa kwanza kufika ni jirani yangu fundi seremala. "Baba Nasra, mtihani lini?" Namwambia sina mtihani. "Sasa unasomea nini?" Sisomei kitu, nasoma tu. Ananikagua vile anavyokagua ubao uliopinda, anavuta kigoda karibu, anashusha sauti: "Kazini wanapunguza watu, siyo?"

Wa pili ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliyekuja kututembelea kipindi kile sukari ilipopanda bei na mpaka leo anasubiri ishuke ndipo aondoke. Huyo hana swali, ana kazi. "Shem, kwa kuwa umekaa tu, niangalizie pikipiki, nafika hapo mara moja." Hapo mara moja ni Mbagala. Kabla sijapata mstari nilioachia, sauti inatoka jikoni: "Baba Nasra, kwa kuwa umekaa tu, hebu epua hayo maharage." Mama mkwe wangu, ambaye kwa heshima hawezi kunituma wala kuniuliza, anamwita binti yake chumbani na kumnong'oneza kwa sauti inayofika hadi kwa muuza genge: "Mwanangu, huko kwao mumeo, kuna mtu aliyewahi kuugua hivi?"

Anayetazama tamthilia ya Kituruki iliyoingizwa sauti za Kiswahili hajakaa tu. Yuko kwenye shughuli nzito, na ole wake atakayepita mbele ya televisheni. Anayechati hajakaa tu. Hata aliyelala hajakaa tu, amelala, asisumbuliwe. Mwenye kitabu peke yake ndiye anayehesabiwa kuwa nguvukazi isiyotumika.

Naomba nijitambulishe ili lawama zijue pa kwenda. Mimi ni karani wa stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kutwa nahesabu nondo, mabati, mifuko ya saruji na maboksi ya misumari ambayo kila siku hupungua moja na hakuna anayejua kwa nini. Kidato cha nne nilimaliza. Matokeo yalibandikwa ukutani, na aliyetaka kuyajua aliyajua wakati ule.

Shuleni kitabu kilitembea pamoja na fimbo. Ukikosa jibu unachapwa. Ukipata jibu kwa njia ambayo mwalimu hakuifundisha, unachapwa kwa ujuaji. Riwaya ya Elvis Musiba, Kufa na Kupona, niliisoma chini ya dawati kipindi cha jiografia. Mpelelezi Willy Gamba yuko katikati ya hatari, mimi nimeshika pumzi, na mwalimu akanyoosha mkono akaichukua. Kesho yake nikapita dirisha la ofisi ya walimu nikamwona anaisoma yeye, miguu juu ya meza. Hakunirudishia. Nilikaa miaka na miaka sijui ile kesi iliishaje, na kama kuna kitu nachukia duniani ni mistari ya latitudo.

Kusoma kwangu kulianza upya ukubwani, nilipotanabahi kwamba hakuna tena wa kunichapa. Huo ndio uhuru wangu, hauna bendera wala mizinga ishirini na moja. Kitabu kikinichosha nakifunga. Kikinipendeza narudia ukurasa uleule hadi nishibe, bila kuambiwa darasa zima linanisubiri. Nikitaka kujua Wareno walioivamia Kilwa mwaka 1505 walikuwa wanatafuta nini hasa, nakaa nao. Nikiwachoka nahamia kwenye habari za jenereta inavyozalisha umeme, na hakuna wa kunipa sifuri. Tangu nitoke nyumbani asubuhi nina mabosi: konda, tajiri mwenye duka, mteja anayetaka risiti ya bei ambayo hakulipa. Nikirudi kuna mwenye nyumba na mama wa nyumba. Kwenye kitabu hakuna anayenituma. Mwandishi mwenyewe, awe profesa awe nani, nikimchoka namsukuma uvunguni mwa kitanda na hawezi kunishtaki popote.

Mke wangu ana hoja moja: watu wenye majukumu hawana muda wa vitabu. Siku moja nikamtolea Mwalimu Nyerere. Nikamwambia, tazama, nchi ina miaka miwili tangu ipate uhuru, madaktari wa kuhesabu kwa vidole, barabara ni za kubahatisha, na bado mwaka 1963 mzee akatoa tafsiri yake ya Julius Caesar wa Shakespeare. Mwaka 1969 akaitengeneza upya ikaitwa Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo akaongeza Mabepari wa Venisi. Rais mwenye nchi nzima mabegani alipata wasaa. Mimi mwenye stoo moja ya nondo nisipate? Mke wangu akafikiri kidogo. "Mwalimu alikuwa na mpishi," akasema. Hoja hiyo mpaka leo sijaijibu. Maharage nikaepua.

Kama huu ni ugonjwa, basi mama mkwe amekaribia kupatia, maana ni wa kurithi. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mkulima wa pamba huko Usukumani. Hakujua hata herufi a. Mwisho wa msimu alibeba pamba yake hadi kwenye gulio la chama cha ushirika. Karani anapima, karani anaandika, karani anasoma kwa sauti, bibi anachovya dole gumba kwenye wino na kubonyeza. Alichosoma karani ndicho kilichokuwa kweli. Mizani ikisema kilo 50 na karani akasema 42, basi dunia nzima ilikuwa 42, na bibi anaambiwa asante mama, msimu ujao uchambue vizuri.

Ikaja ile kampeni. Mwalimu aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kule kanda ya ziwa tayari kulikuwa na mradi wa majaribio wa UNESCO uliokuwa na makao Mwanza. Vitabu vyake vilifuata kazi za watu: mvuvi anajifunza kusoma kwa habari za samaki, mwenye migomba kwa migomba, mwenye pamba kwa pamba. Wakakiita kisomo chenye manufaa. Bibi akaanza kwenda jioni chini ya mwembe, mtoto mgongoni, daftari kalifungia kwenye kanga. Babu akanung'unika. Wazee wa kijiji wakacheka hadi wakatemea ugoro pembeni, eti mama wa watoto sita anataka ukarani.

Msimu ulipofika akasimama mbele ya mizani. Haya nimesimuliwa na baba, ambaye alikuwa mtoto wa kushikilia mdomo wa gunia. Karani akatamka namba. Bibi akasema, "Ngoja kwanza mwanangu." Akasogea, akainama, akaweka kidole kwenye kioo cha mizani, akaufuata mshale, midomo ikicheza. Foleni nzima kimya. Kisha akaisoma namba yake, nayo ilikuwa kubwa kuliko ya karani. Karani akasema mama, kioo kina vumbi. Bibi akakifuta kwa pindo la kanga, akasoma tena. Namba ileile. Karani akamwita mchochezi, lakini akaandika. Baba anasema tangu siku hiyo pamba ya kijiji kizima iliongezeka uzito, na wale wazee waliocheka ndio waliokuwa wa kwanza kupanga foleni nyuma ya bibi, mmoja akitaka awekwe karibu naye zaidi kwa sababu ya undugu.

Si yeye peke yake. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawajui kusoma. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 takwimu za serikali zilisema wasiojua wamebaki kama mmoja kati ya kumi. Siku hizi wengi wetu tunajua, na tunasoma kwa bidii kubwa: tarakimu za vocha, namba ya LUKU, na status za watu tuliogombana nao.

Kwa sababu ya bibi, habari za mzee Kimani Maruge wa Kenya hazikunishangaza. Serikali ya huko ilipofuta ada ya shule za msingi mwaka 2003, mwaka uliofuata mzee huyu wa miaka 84 akaenda kuandikishwa darasa la kwanza huko Eldoret, kaptula na soksi ndefu za sare. Dunia ikapiga picha, kitabu cha rekodi cha Guinness kikamwandika, mwaka 2005 akapelekwa New York kuzungumza Umoja wa Mataifa. Kilichonigusa mimi ni sababu yake: alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake, kwa kuwa alikuwa na mashaka na mhubiri. Huyo angekutana na bibi yangu, makarani na wahubiri wa Afrika Mashariki wangehama.

Sasa nirudi kwa shemeji. Alichoka kupeleka hesabu kila jioni kwa mwenye pikipiki, akataka ya kwake. Akaja na karatasi za mkopo, ile mikopo ambayo watu wameibatiza kausha damu. Kurasa nne, Kiingereza kitupu, herufi za kuumiza macho. "Shem, nidondoshee sahihi ya mdhamini hapa chini." Nikamwambia acha nisome. Akacheka. "Shem, hakuna cha kusoma hapo, kila mtu anasaini." Afisa mikopo aliyekuja naye, kijana wa viatu vilivyochongoka, akaongeza kwa upole wa msibani kwamba ni utaratibu tu.

Nikakaa nazo jioni nzima, kamusi pajani. Shemeji anakopa shilingi 500,000. Riba, asilimia 10. Kwa hesabu zake atarudisha 550,000, kwisha habari. Ukurasa wa tatu, katikati ya aya ambayo mtu mwenye usingizi angeiruka, kulikuwa na maneno mawili yanayosema riba hiyo ni ya kila mwezi. Mstari wa chini yake ukasema inatozwa kwenye mkopo wa mwanzo, hata kama umeshalipa nusu yake. Miezi sita. Piga: 50,000 mara sita ni 300,000. Anarudisha 800,000, yaani zaidi ya 133,000 kila mwezi, na mwezi wa mwisho, deni limebaki kipande, bado anatozwa riba ya laki tano nzima kana kwamba hajawahi kulipa hata senti. Ikafuata faini ya kuchelewa. Halafu nikafika kwa mdhamini, ndiye mimi, ambaye ameweka rehani friji, televisheni na "vitu vingine vyote vilivyomo ndani". Nikatazama vitu vingine vilivyomo ndani. Mama mkwe alikuwa amelala kwenye kochi.

Kesho yake nikamwuliza afisa leseni yao iko wapi, maana kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na mkopeshaji hapaswi kukopesha bila leseni. Upole ukamtoka palepale. Akamgeukia shemeji: "Huyu shemeji yako ni mwanasheria?" Shemeji akainamisha kichwa kwa aibu. "Hapana bosi. Anasomasoma tu."

Mkopo haukuchukuliwa. Ungetegemea shukrani. Thubutu! Shemeji alininunia, akawa anapita ukumbini kama hanioni, akila ugali wangu kwa hasira. Alimweleza kila mtu kijiweni kwamba nimemzibia riziki kwa sababu ya wivu wa vitabu. Hadi rafiki yake aliyesaini karatasi zilezile akanyang'anywa pikipiki na godoro juu yake. Jioni hiyo shemeji akarudi na chipsi mayai, akaiweka mbele yangu bila neno, akaenda kulala. Nilikula. Ilikuwa imepoa.

Balaa ni kwamba habari zilisambaa. Mtu yeyote mwenye karatasi asiyoielewa sasa anajua nyumba yangu. Wanakuja na barua za benki, mikataba ya kazi ya ulinzi, fomu za bima ya afya, maelekezo ya dawa ya panya ya Kichina, na mzee mmoja alikuja na barua ya mapenzi ya mwaka aliooa, akitaka kuhakikisha kama aliahidiwa vile anavyokumbuka. Hakuahidiwa. Jumapili ndiyo mbaya zaidi, wanatoka ibadani moja kwa moja hadi kwangu, na hakuna hata mmoja anayekuja na chochote cha kutafuna.

Wala wakishasomewa hawakubali. Jirani mmoja alinionyesha amoksilini aliyouziwa kwa ajili ya mafua ya mjukuu. Nikafungua kile kikaratasi cha ndani kinachokunjwa mara elfu, nikakisoma chote, nikamwambia mama, hii ni dawa ya bakteria, na mafua ya kawaida huletwa na virusi, hayaisikii hata kidogo. Mpeleke mtoto akapimwe. Na hata angekuwa na ugonjwa wa kuhitaji dawa hii, kutwa mara tatu ni kila baada ya saa nane, si asubuhi, mchana na saa kumi kwa kuwa wewe unawahi kulala. Akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akaniambia yule wa duka la dawa alikuwa na koti jeupe. Mimi nilikuwa na singlendi yenye tundu begani. Hapo hakuna kitabu kinachoweza kukusaidia.

Vitabu vyenyewe navinunua vya mitumba, vile vinavyotandazwa chini kando ya barabara pale Posta. Kuinama kuvichagua kumenipa mgongo wa mzee, na bado nusu nzima ya turubai ni vitabu vya kutajirika. Rich Dad Poor Dad cha Robert Kiyosaki utakikuta kwa saizi zote, na vingine vya kufungua akili, kuvuta pesa, kuamka saa kumi alfajiri. Kila nikipita muuzaji ananisihi: "Mzee, beba hiki, kitakubadilisha maisha." Nikamwuliza kama yeye amekisoma. Akajibu kwa fahari kwamba amekirudia mara tatu. Jua lilikuwa linatuwakia wote wawili sawasawa. Mimi sina ugomvi na mtu kutaka pesa, nazitaka sana. Lakini nimewakimbia mabosi wote niliowataja, halafu nitoe noti yangu kununua bosi wa karatasi wa kuniambia niamke saa kumi? Konda mwenyewe hajafikia hapo.

Pa kupumulia papo. Kuna Maktaba Kuu ya Taifa, ambayo Mwalimu aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, mahali ambapo unakaa kimya na hakuna anayekutuma jikoni. Nilienda Jumamosi, nikachukua riwaya, nikajinyoosha. Kijana wa meza ya pili, amezungukwa na madaftari, akaniinamia kwa heshima zote: "Shikamoo mzee. Samahani, wewe unarudia mtihani wa mwaka gani?"

Kamusi yangu ya Kiingereza niliipata palepale Posta. Haikuwa na jalada, na mkia ulikatika: inaishia katikati ya herufi S. Muuzaji akanipunguzia elfu mbili, akanifariji kwamba maneno mengi ya maana yako mwanzoni.

Huenda ana hoja, maana Malcolm X alianzia huko mwanzoni. Alifungwa gerezani Marekani mwaka 1946, na baadaye, akiona barua anazoandika hazisemi anachotaka, akaomba kamusi na daftari, akaanza kuinakili tangu ukurasa wa kwanza, hadi nukta. Katika wasifu wake uliotoka mwaka 1965 anasimulia kwamba katika ukurasa ule kuna mnyama aliyemganda kichwani: muhanga, yule mla mchwa wetu wa Afrika. Taa zikizimwa saa nne usiku, alikaa sakafuni penye mwanga uliopenya kutoka kwenye korido. Mlinzi akikaribia, anaruka kitandani na kujifanya amelala. Mlinzi akipita, anashuka tena. Miezi ikapita bila hata kukumbuka kwamba yuko jela.

Mbinu hiyo ya kuruka kitandani naielewa barabara. Kwangu anayefanya doria ni mke wangu, na kosa ni umeme. Taa inayowaka saa sita usiku, kwa sheria zake, ni wizi wa kutumia silaha. Nikisikia ndala zinakuja, nazima. Malcolm alikuwa na nafuu moja, hakuwa na shemeji wa kutoa taarifa.

Frederick Douglass naye alikuwa mtoto mtumwa huko Baltimore. Mke wa bwana wake akamwanzishia herufi, bwana akafoka, akakataza, akisema mtumwa akijua kusoma hafai tena kuwa mtumwa. Mtoto alikuwa palepale anasikiliza. Bwana alidhani anamwonya mkewe, kumbe anamwelekeza mtoto mlango wa kutokea uliko. Tangu hapo akitumwa anabeba mkate, anawagawia watoto wa Kizungu wenye njaa mtaani, nao wanamlipa kwa kumfundisha kusoma. Mwaka 1838 akatoroka. Mwaka 1845 kitabu cha maisha yake kikatoka, kaandika mwenyewe. Nimewasimulia wanangu kisa hiki kwa hisia zote. Wao mkate wanakula kila asubuhi, na wa siagi. Nikiwaomba wanifafanulie neno moja la Kiingereza wananiambia, "Baba, ngoja katuni iishe."

Na majirani zangu wasijidhanie wa kwanza kumtilia mtu shaka. Kule Malawi, wakati wa njaa ya mwaka 2002, kijana William Kamkwamba aliacha sekondari kwa kukosa ada, akawa anaazima vitabu kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe. Kimoja kilikuwa cha nishati, na jalada lake lina picha ya mitambo ya upepo. Kijana akakusanya feni ya trekta, baiskeli mbovu, dainamo na mabomba ya plastiki, akasimamisha mnara wa miti ya mkaratusi nyumbani kwao. Watu wakasema bangi hiyo. Balbu ilipowaka, watu haohao wakapanga foleni kuja kuchaji simu. Mimi sijasimamisha mnara wowote. Feni ya trekta kwa mtaa wetu ingeibwa kabla upepo haujaanza kuvuma.

Aliyenitambua kwa uzito wangu ni mwenye nyumba peke yake. Zamani mkataba wetu wa pango ulikuwa karatasi moja ya Kiswahili ya kununua steshenari: jaza jina, toa kodi ya miezi sita, chukua funguo. Watu walisaini wakiwa wamesimama. Safari iliyopita niliketi nikausoma. Kulikuwa na kifungu cha mpangaji kutunza choo, na kwa kifungu hichohicho alikuwa akituchangisha kila shimo likijaa. Nikamwonyesha kwa kidole kwamba kutunza kumeandikwa, kunyonya hakukuandikwa. Alilipa gari la majitaka mwenyewe, na siku nzima alisimama karibu na lile bomba akilitazama kwa majonzi.

Mwezi huu ameleta mkataba mpya. Kurasa kumi na moja za Kiingereza, zimeandaliwa na mwanawe aliye chuoni anachukua sheria. Akanikabidhi huku meno yote yako nje. "Baba Nasra, si wewe msomaji? Haya, soma."

Ninausoma. Kifungu cha kupandisha kodi wakati wowote apendapo nimekikuta ukurasa wa nne, nimekipigia mstari mwekundu. Kifungu cha kukataza kuku, ambacho kimelengwa kwa mama mkwe moja kwa moja, nimekikuta pia. Tatizo ni ule mkia wa kamusi. Neno la Kiingereza la mpangaji linaanzia T, la kusitisha mkataba T, la huduma za maji na umeme U, na la kuhama linaanzia V. Wapangaji wenzangu wameshaniletea nakala zao wote, hakuna anayetaka kusaini kabla yangu, na mwenye nyumba anatuma mtu kila jioni kuuliza tumefikia wapi. Jana nimempelekea majibu kwa maandishi: tuko tayari kuzungumzia vifungu vyote, ila maneno yote ya kuanzia T hadi Z sisi wapangaji wa nyumba hii hatuyatambui, mpaka atununulie kamusi nzima.